Kucheza na mawingibeki bila kuacha shimo nyuma: mwongozo kwa kocha wa timu ya mtaa

Mara ya kwanza kuipanga timu yangu 3-5-2 (mabeki watatu, watano katikati, wawili mbele) tulikwenda mapumziko tukiongoza goli moja, tukarudi tukafungwa manne. Matatu kati ya hayo yalipita upande mmoja, kulia kwetu, nyuma ya kijana ambaye kufikia dakika ya 60 alikuwa amesimama karibu na mstari wa kati, mikono magotini, akiutazama mpira unavyompita kama mtu aliyeachwa na daladala ya mwisho. Wenzake walimlaumu yeye. Kosa lilikuwa langu. Nilichora mfumo kwanza, halafu nikatafuta watu wa kuujaza.

Haya ninayoandika ni kwa kocha wa aina yangu: timu ya mtaa au ya shule, wachezaji 18 siku wakijitokeza wote, mazoezi jioni mara mbili kwa wiki, uwanja wenye nyasi upande mmoja na mchanga upande mwingine. Nitazitaja Chelsea, Inter na timu ya taifa ya England mara kwa mara. Si kwamba tunafanana nao, ila mechi zao wengi tulizitazama kwenye vibanda umiza, na ni rahisi kukumbushana.

Tuelewane maneno kwanza. Wingibeki ni mtu mmoja anayefanya kazi ya namba 2 na namba 7 (beki na winga wa kulia) kwa pamoja, au ya namba 3 na namba 11 (beki na winga wa kushoto). Timu ikiwa na mpira, yeye ni winga. Ikiupoteza, yeye ni beki wa tano. Nyuma yake wanakaa mabeki watatu wa kati badala ya wawili. Raha yote ya mfumo huu inatokana na huyo mtu, na hatari yake yote iko mgongoni kwake. Kwa hiyo katika kila hatua nitarudia swali moja: nyuma ya wingibeki yuko nani?

Hatua ya 1: Hesabu mapafu kabla ya kuchora

Uwanja wa kiwango una urefu wa mita 105 na upana wa mita 68. Ukitoka mstari wa boksi letu mpaka mstari wa boksi lao ni kama mita 72. Hiyo ndiyo njia ya wingibeki, kwenda na kurudi, peke yake, bila winga wa kumsaidia mbele wala beki wa pembeni nyuma.

Kipimo changu ni rahisi. Mchezaji anatoka boksi moja kwa kasi hadi jingine, anapiga krosi, anarudi mbio alikotoka. Anapumzika nusu dakika. Anarudia mara kumi. Usiangalie mbio ya kwanza, maana kila kijana ana mbio ya kwanza. Angalia ya nane, na hasa angalia kule kurudi. Wapo wanaopanda vizuri mpaka ya kumi, lakini kuanzia ya tano wanarudi wanatembea huku wanapanga soksi. Huyo ni winga. Mwache awe winga.

Usidhani lazima awe beki wa kuzaliwa. Msimu wa 2016/17 Antonio Conte, kocha wa Chelsea, alimchukua Victor Moses, winga wa Nigeria ambaye Chelsea walikuwa wamemtoa kwa mkopo Liverpool, Stoke na West Ham, akamweka wingibeki wa kulia. Upande wa kushoto alikuwepo Marcos Alonso, mwenye asili ya beki. Chelsea walibadilisha mfumo katikati ya mechi ya Arsenal ya tarehe 24 Septemba 2016, wakiwa tayari wamefungwa 3-0. Kuanzia mechi ya ligi iliyofuata wakashinda 13 mfululizo, sita za mwanzo bila kuruhusu goli, na mwisho wa msimu wakachukua ubingwa wakiwa na pointi 93.

Ninachokipenda kwenye mfano huo ni mchanganyiko wenyewe: upande mmoja mtu wa kushambulia aliyefundishwa kukaba, upande wa pili mtu wa kukaba anayejua kufika kwenye lango. Timu ya mtaa ikiweka mawinga wawili pande zote mbili kwa pupa, dakika ya ishirini tu utasikia kipa anapiga kelele.

Unahitaji watatu wa kazi hii, si wawili: wawili wa kuanza na mmoja wa benchi. Ukipata mmoja tu, mfumo unawezekana kwa kuupinda, nitaeleza mbele. Usipopata hata mmoja, funga ukurasa huu, cheza 4-4-2 yako, hakuna aibu.

Hatua ya 2: Chagua mabeki watatu, na usichague warefu tu

Kosa la kawaida ni kuwachukua majitu matatu na kuyapanga mstari. Yule wa katikati, sawa, awe mrefu, awe na mdomo. Kazi yake kubwa ni kuwapanga wenzake, na beki wa kati bubu katika mfumo huu ni hasara kuliko beki mfupi.

Wale wa pembeni wawili ni kazi nyingine kabisa. Wingibeki akipanda, wao ndio watakaovutwa mpaka kwenye chaki, yaani mstari wa pembeni, kukabana na winga mwenye chenga, bila msaada. Kwa hiyo tafuta watu waliowahi kucheza namba 2 na namba 3. Conte alimtumia César Azpilicueta, beki wa pembeni kwa miaka yote, kama beki wa kulia kati ya watatu. Alikuwa anajua kugeuka, anajua kukimbia kuelekea lango lake mwenyewe, na mpira ukimfikia haogopi kuutoa kwa pasi.

Kama una beki anayetumia mguu wa kushoto, mpe upande wa kushoto hata kama kiwango chake kiko chini kidogo ya mwenzake wa mguu wa kulia. Wa mguu wa kulia akiwekwa kushoto atapokea mpira, atageukia ndani, na mshambuliaji wao atakuwa anamsubiri hapo hapo. Nimeliona hilo mara nyingi mno.

Yule kijana wa mikono magotini, kwa taarifa yenu, sasa ndiye beki wangu wa kulia kati ya watatu. Mbio alikuwa nazo. Alichokosa ni mapafu ya kuzirudia mara arobaini.

Hatua ya 3: Wawili mbele au watatu?

Baada ya watatu wa nyuma na mawingibeki wawili, umebakiwa na watu watano. Kuna njia mbili za kuwapanga.

Ya kwanza ni 3-5-2: viungo watatu, washambuliaji wawili. Unajaza katikati, na timu inayocheza na viungo wawili itakuwa inafukuza kivuli. Tatizo liko pembeni. Mabeki wa pembeni wa mpinzani hawana wa kuwakaba, kwa sababu hatuna mawinga. Mpira ukifika kwao, ama wingibeki wetu aruke mita thelathini kwenda kuwafuata, akiacha uwazi nyuma, ama kiungo wa upande huo atoke katikati.

Ya pili ni 3-4-2-1, ambayo wengi tunaiita 3-4-3: viungo wawili, namba 10 wawili nyuma ya straika mmoja. Hapa wale namba 10 wanaweza kutoka na kuwakaba mabeki wa pembeni, wingibeki akabaki nyumbani. Gharama yake ni kwamba katikati una wawili tu, na hao wawili wanahitaji kuwa watu wa kazi hasa. Chelsea walikuwa na N'Golo Kanté na Nemanja Matić. Wewe una nani?

Maoni yangu: timu yenye mkata umeme (kiungo mkabaji) mmoja mzuri na vijana wengi wa wastani katikati iende na 3-5-2. Timu yenye wakabaji wawili wa kweli na vijana wawili wajanja wa kupokea mpira mgongoni kwa viungo iende na 3-4-2-1. Bayer Leverkusen ya Xabi Alonso ilitwaa ubingwa wa Ujerumani msimu wa 2023/24 bila kufungwa hata mechi moja ya ligi, ushindi 28 na sare 6, kwa mpangilio huu wa pili. Alejandro Grimaldo, wingibeki wa kushoto, peke yake alifunga magoli 10 ya ligi. Hesabu hiyo inaonyesha mfumo unampeleka wapi mtu ambaye kwenye 4-4-2 angekuwa anarusha mipira ya kutoka tu.

Hatua ya 4: Bila mpira, geti linafungwa upande mmoja

Gawa upana wa mita 68 kwa mabeki wanne: kila mmoja ana mita 17 za kulinda. Gawa kwa watano: hazifiki 14. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya mfumo huu, na ni kubwa. Nafasi kati ya beki na beki zinabana, pasi za kupenya zinakosa uchochoro, na krosi zinakuta vichwa vitatu katikati ya boksi badala ya viwili.

Lakini mabeki watano wakikaa mstari muda wote, umepaki basi bila kutaka. Kuna watano nyuma, basi kuna watano tu wa kukaba mbele yao, na mpinzani atapiga pasi pale katikati mpaka achoke. Kwa hiyo fundisha geti:

- Mpira ukiwa kulia kwetu, wingibeki wa kulia anatoka kwenye mstari na kwenda kumkaba mwenye mpira.
- Mabeki watatu wote wanasogea kulia, kila mmoja akichukua nafasi ya jirani yake.
- Wingibeki wa kushoto anashuka na kuingia ndani, anakuwa beki wa nne.

Mpira ukihamia kushoto, kila kitu kinageuka. Kwa maana hiyo timu yako inakaba kwa mabeki wanne, ila si wanne wale wale. Wachezaji wakilielewa hilo, nusu ya kazi imekwisha.

Sehemu inayovunjika mara nyingi ni ule upande wa mbali. Wingibeki wa mbali anautazama mpira, anasahau mtu aliye nyuma yake. Tarehe 4 Januari 2017, Tottenham waliukatisha ule ushindi wa mechi 13 wa Chelsea kwa kushinda 2-0, na magoli yote mawili yalikuwa pacha: Christian Eriksen anapiga krosi kutoka kulia kwao, Dele Alli anaruka nguzo ya mbali na kufunga kwa kichwa, katika eneo la Azpilicueta na Moses. Beki asiye mrefu na winga aliyegeuzwa kuwa wingibeki, wote upande mmoja, na adui akaliona. Ukiwa na beki mfupi upande mmoja, basi wingibeki wa upande huo awe mtu wa kuruka, au umwambie beki wa katikati asogee upande huo kila krosi inapotoka upande wa pili.

Hatua ya 5: Mkiwa na mpira, fungua uwanja mpaka kwenye chaki

Hapa ndipo mfumo unaponoga. Mpinzani mwenye washambuliaji wawili akija kuwabana mabeki watatu, mmoja wenu yuko huru kila wakati. Huyo aliye huru asipige mpira mrefu kwa hofu. Atembee nao mbele mpaka mtu atoke kumkabili. Akitoka kiungo, kiungo wetu amebaki peke yake. Akitoka winga, wingibeki wetu yuko wazi. Wachezaji wa mtaani huwa hawaamini kama wanaruhusiwa kutembea na mpira kutoka nyuma, kwa hiyo waambie mara mbili.

Mawingibeki wote wawili wakae pembeni kabisa, miguu ikinusa chaki. Mabeki wanne wa mpinzani hawawezi kulinda upana wote huo. Wakibana upande wa mpira, yule wa mbali amebaki na shamba zima. Ndiyo maana goli tamu la mfumo huu ni la wingibeki kumpigia krosi wingibeki. Kwenye fainali ya Euro pale Wembley, tarehe 11 Julai 2021, England walihitaji dakika mbili tu: Kieran Trippier alipanda kulia, akaangalia, akaupeleka nguzo ya mbali, Luke Shaw akafika na kuuchapa kabla haujagusa ardhi mara ya pili. Shaw alikuwa wingibeki wa kushoto. Beki wa kulia wa Italia alikuwa ameingia ndani kulinda boksi, kama alivyofundishwa.

Somo kwa wachezaji wako: krosi ya kwanza iende mbali, na wingibeki wa upande ule aamini kwamba itafika. Asisubiri kwenye kona ya boksi akitazama. Aingie.

Njia ya pili ni ya kushtukiza. Crystal Palace walipochukua Kombe la FA tarehe 17 Mei 2025 kwa kuifunga Manchester City 1-0, walikuwa wameshambuliwa kwa robo saa nzima. Walipopata nafasi ya kutoka, Daniel Muñoz, wingibeki wao wa kulia, alikuwa amekwishafika mbele kupiga krosi, na Eberechi Eze akamalizia. Unaweza kulinda lango kwa watu watano na bado ukawa na mtu wa pembeni kwenye kaunta, mradi huyo mtu awe wa kwanza kuanza mbio.

Hatua ya 6: Sekunde tano baada ya kupoteza mpira

Soma sehemu hii mara mbili. Mimi niliisoma kwa kufungwa manne.

Mawingibeki wako wawili wako juu. Mpira umepotea. Nyuma yao kila upande kuna uwanja mtupu wa mita thelathini au arobaini, na mabeki watatu wamesimama katikati. Adui mwenye akili hapigi mpira katikati walipo watatu. Anaupiga kwenye kona.

Inter ya Simone Inzaghi ilikuwa miongoni mwa timu zilizoujua mfumo huu vizuri zaidi Ulaya. Kwa 3-5-2 walichukua ubingwa wa Italia mwaka 2024 wakiwa na pointi 94. Halafu tarehe 31 Mei 2025, fainali ya Ligi ya Mabingwa mjini Munich, PSG ya Ufaransa wakawafunga 5-0. Tazama tena goli la kwanza na la pili, yote upande wa Federico Dimarco, wingibeki wa kushoto. Dakika ya 12 yeye alikuwa amebaki nyuma ya mstari wa wenzake, akamfanya Désiré Doué asiwe ameotea. Doué akaupokea mpira ndani ya boksi, akamsukumia Achraf Hakimi, akafunga. Dakika ya 20 PSG walitoka kwa kasi kutoka pembe ya nyuma ya uwanja wao, mpira ukapita kushoto kwao, ukahamishwa mpaka kulia kwa Doué, akapiga, ukamgonga Dimarco na kuingia. Dakika ya 54 Dimarco alikuwa benchi. Na Hakimi huyo, kama umesahau, alikuwa wingibeki wa Inter walipotwaa ubingwa mwaka 2021. Nyumba anaijua.

Nani basi anaziba? Mimi nimewapa vijana wangu mpangilio huu, na wanaujua hata usingizini:

1. Aliye karibu zaidi na mpira anabana papo hapo, hata kama hataupata. Kazi yake ni kumfanya adui asiinue kichwa kutafuta ile kona. Akishindwa kubana, amshike. Faulo mita sitini kutoka langoni ni ya bei nafuu.
2. Beki wa kati wa upande huo anatoka kwenda pembeni, lakini hakimbilii mpira. Anamchelewesha winga, anampeleka nje.
3. Wa katikati na wa upande wa pili wanasogea, wanabaki wawili ndani ya boksi.
4. Namba 6, kiungo mkabaji, anashuka kuwa wa tatu wao. Huyu haruhusiwi kabisa kuwa juu wakati mawingibeki wote wawili wako juu. Ukimkuta kwenye boksi la adui, mtoe, hata kama ni mtoto wa mwenyekiti.
5. Wingibeki anarudi kwa njia ya ndani, kuelekea nguzo ya karibu, si kwa kufuata chaki. Akifuata chaki atafika wakati krosi imeshapigwa.

Na kabla ya yote hayo, sheria moja ya kuzuia: mpira ukiwa kulia, wingibeki wa kushoto apande mpaka usawa wa boksi pale tu tunapokaribia kupiga krosi. Kabla ya hapo akae usawa wa viungo. Brazil mwaka 2002 waliwaachia Cafu na Roberto Carlos wapande wote, wakashinda mechi zote saba za Kombe la Dunia. Lakini nyuma walibaki Lúcio, Edmílson na Roque Júnior, na mbele yao Gilberto Silva ambaye hakuwa na safari za mbele. Wanne wa kubaki. Wahesabu wako kila mnapopanda: wakiwa watatu, omba Mungu, wakiwa wanne, endelea.

Hatua ya 7: Jua watakavyokusoma

Mpinzani akiwa na beki wa pembeni na winga upande mmoja, na wewe una wingibeki peke yake hapo, ni wawili kwa mmoja. Dalili yake ni wingibeki wako kuanza kunyoosha mikono akiuliza "nani huyu?" Kwenye 3-5-2, kiungo wa upande huo ndiye anayetoka kusaidia. Lazima umtaje kwa jina kabla ya mechi, la sivyo watatazamana.

Mpinzani akiwa na washambuliaji watatu wanaokaa juu, mabeki wako watatu wamebanwa mtu kwa mtu na hakuna aliye huru. Mawingibeki wataingiwa na hofu na kushuka, na hapo umekuwa 5-3-2 usiyoitaka. Ndiyo iliyowakuta England siku ile ile ya Wembley: waliongoza mapema, wakaanza kurudi nyuma kidogo kidogo, Italia wakashika mpira, Leonardo Bonucci akasawazisha dakika ya 67. Kocha Gareth Southgate alimtoa Trippier dakika chache baadaye akamwingiza Bukayo Saka na kurudi mabeki wanne, lakini kombe likaondoka kwa penalti 3-2. Ukiona mawingibeki wako wako usawa wa mabeki kwa dakika kumi mfululizo nanyi hamjashambuliwa sana, wapandishe kwa sauti, au mtoe straika mmoja uweke kiungo.

Akiwa na straika mmoja, tatizo linageuka: una mabeki watatu wakimlinda mtu mmoja, wawili wanapiga soga. Mruhusu mmoja wa pembeni apande na mpira mpaka katikati kila mnapoupata.

Na mpinzani akija na mfumo kama wako, mechi inakuwa ya mtu kwa mtu uwanja mzima. Leverkusen walikuwa wamecheza mechi 51 za mashindano yote bila kufungwa walipokutana na Atalanta ya Gian Piero Gasperini, fainali ya Europa League mjini Dublin, Mei 2024. Atalanta nao walikuja na mabeki watatu, wakamkaba kila mtu na mtu wake, wakashinda 3-0, magoli yote ya Ademola Lookman. Mechi ya namna hiyo haiamuliwi na ubao. Anashinda anayemzidi aliyepewa, kwa hiyo angalia ni wapi una kijana anayemzidi mwenzake, mpelekeni mpira huyo.

Hatua ya 8: Jioni mbili za mazoezi

Jumanne nafanya geti. Watano wa nyuma wanashika kamba, mita kumi kati ya mtu na mtu, mimi natembea na mpira mbele yao kutoka chaki hadi chaki. Kamba ikilegea, mtu amekaribia mno. Ikikaza, amebaki nyuma. Dakika kumi kwa kutembea, kisha bila kamba, kwa mbio, kisha naongeza washambuliaji wanne. Watu wa mtaani huja kucheka wakiona kamba, waache wacheke.

Alhamisi ni ya kupoteza mpira. Watu kumi wanashambulia boksi, mawingibeki juu. Nikipiga filimbi, mpira ule unaachwa, msaidizi wangu anarusha mwingine kwenye kona nyuma ya mmoja wa mawingibeki, na washambuliaji wawili waliokuwa wanasubiri katikati wanaukimbilia. Nahesabu ni mara ngapi kati ya kumi tumefungwa. Wiki ya kwanza zilikuwa saba. Tukifika mbili naridhika. Tunamaliza kwa krosi za mbali, wingibeki kwa wingibeki, ishirini kila upande, maana wachezaji wanahitaji kuondoka na kitu kitamu.

Usiwe na haraka. Mechi mbili za kirafiki kabla ya ligi ni kiwango cha chini.

Siku za kuuacha, na namna ya kuuacha

Uwanja mwembamba, wa shule ya msingi, unapunguza thamani ya mawingibeki kwa sababu hakuna upana wa kufungua. Pia mvua ikinyesha na upande mmoja ukawa matope, wingibeki wa upande huo amekufa, usimtese. Na kama umewapoteza wote watatu wa Hatua ya 1, kwa kadi au kwa sababu wamepata kibarua Jumapili, rudi kwenye mabeki wanne bila kubishana na nafsi yako.

Ukiwa na mmoja tu, fanya hivi: mweke upande wake, upande wa pili weka beki wa kawaida asiyevuka mstari wa kati. Kwenye karatasi inaonekana watano, kwa kweli ni wanne na mmoja anayeruka. Ni mfumo uliopinda, lakini unasimama.

Mabadiliko ya katikati ya mechi yaandae mapema, kwa neno moja. Kwetu neno ni "nne!" Likisikika, wingibeki wa kushoto anakuwa namba 3, mabeki watatu wanasogea kulia hatua kadhaa mpaka yule wa kulia anakuwa namba 2, na wingibeki wa kulia anapanda kuwa winga. Hakuna sabu iliyotumika, hakuna mchezaji aliyekuja pembeni kuuliza. Mimi huliita mara nyingi kati ya dakika ya 65 na 70, mara tu ninapomwona mmoja wao, baada ya kupanda, ameweka mikono magotini.